Herufi Ndogo Chini ya Barua: Kumbukumbu za Wanawake wa Ofisini

Mtu aingiaye katika nyumba ya nyaraka akafungua faili la zamani, la serikali au la kampuni, hukuta barua zilizopigwa taipu kwa mamia. Juu pana tarehe, katikati pana maneno, na chini pana sahihi ya bwana mkubwa. Mara nyingi pana jambo la nne pia, dogo hata jicho hulipita bila kulitambua. Pembezoni mwa karatasi huwa zimeandikwa herufi chache zilizogawanywa kwa kistari cha mshazari. Za kwanza, ambazo ni kubwa, ni za jina la bwana aliyeyatoa maneno. Za pili, ambazo ni ndogo, ni za jina la mtu aliyeyapiga. Mwanachuoni husoma maneno, huitazama sahihi, hunakili tarehe, kisha hufunga faili. Herufi ndogo huziacha palepale alipozikuta.

Kwa muda wa karne moja hivi, tangu miaka ya 1880 hata miaka ya 1980, herufi hizo katika nchi nyingi zilikuwa aghalabu za mwanamke. Kila neno la sahihi lilipita masikioni mwake na vidoleni mwake kabla ya kumfikia aliyeandikiwa. Aliijua barua ilipokuwa bado hasira, akaijua ilipogeuka kuwa adabu. Aliujua uamuzi kabla ya baraza, na majuto baada ya uamuzi. Walakini historia, ambayo hujisifu kwa kutafuta mashahidi, imemwita shahidi huyu mara chache mno. Nia ya insha hii ni kutazama jinsi mwanamke alivyofika katika kiti kile, kuwasikiliza wachache walioandika walichokumbuka, na kuuliza kumbukumbu hizo zina thamani gani kwa msomi, hasa msomi wa Afrika ya Mashariki, ambaye mashahidi wake bado hawajaulizwa.

Tuanze na jina, maana jina la kazi aghalabu hueleza masharti yake. Katibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mwandishi. Jina lililoenea katika lugha nyingi za Ulaya latokana na neno la Kilatini lenye maana ya siri. Mwenye jina hilo ni mtunza siri. Kazi ya mhazili imebeba mizigo hii miwili tangu mwanzo: kuandika na kunyamaza. Mzigo wa kwanza umetujazia makabati ya nyaraka. Mzigo wa pili ndio uliotunyima kumbukumbu za waliozijaza.

Kazi ya ofisi haikuwa ya wanawake tangu zamani. Mnamo mwaka 1850 karani wa London au wa New York alikuwa mwanamume, mwenye kalamu, kidau cha wino na kiti kirefu. Aliandika barua, akatunza daftari, akajifunza biashara. Na kama alikuwa na bahati, siku moja alikuwa mshirika wa bwana wake au bwana mwenyewe. Ofisi ilikuwa chuo na ngazi. Desturi hii ilipata ufa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyodumu tangu 1861 hata 1865. Wanaume walikuwa vitani, na serikali ilikuwa ikitoa noti nyingi za karatasi. Francis Spinner, mweka hazina wa serikali, aliwaajiri wanawake wazikate noti hizo kwa mikasi. Walilipwa dola 600 kwa mwaka, ilhali makarani wanaume walipata 1,200 na zaidi. Vita vilipokwisha wanawake hawakuondolewa. Ilikuwa imeonekana kwamba wanaweza kazi, na kwamba wanaiweza kwa nusu ya mshahara. Nchini Uingereza jambo lililofanana na hili lilitokea mwaka 1870, Posta ya serikali ilipozitwaa kampuni za simu za maandishi. Ilizitwaa pamoja na wanawake waliokuwa wakipeleka na kupokea habari kwa mitambo, ikawaweka.

Kisha ikaja mashine. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee alipata hataza ya mashine yake ya kuandikia mwaka 1868. Mwaka 1873 mkataba wa kuitengeneza ulitiwa sahihi na kampuni ya Remington, ambayo kazi yake ilikuwa bunduki na vyerehani, na mwaka 1874 mashine ikatolewa sokoni kwa bei ya dola 125. Zile za kwanza zilifanana sana na chereheni: ziliwekwa juu ya meza ya chereheni, zikapambwa maua ya rangi, na gari lake lilirudishwa kwa kukanyaga kwa mguu. Ungedhani waliozitengeneza wamekwisha kujua ni nani atakayeketi mbele yake. Mwaka 1881 chama cha vijana wanawake wa Kikristo mjini New York kilianzisha darasa la kufundisha upigaji taipu kwa wasichana wanane, na wako waliodhani kwamba mwili wa mwanamke hautastahimili kazi hiyo.

Ulistahimili. Hesabu za watu wa Marekani zaonyesha kwamba mwaka 1880, katika kila wapiga taipu na waandishi wa hati mkato mia, kiasi cha 40 walikuwa wanawake. Mwaka 1900 walizidi 75, na mwaka 1930 walizidi 95. Mabadiliko makubwa kama haya katika muda wa miaka 50 yana sababu zaidi ya moja. Reli, bima na viwanda vilizidisha barua kupita uwezo wa kalamu. Shule zilikuwa zimetoa wasichana wengi wajuao kusoma na kuandika, nao hawakuwa na kazi nyingine ila ualimu. Mshahara wao ulikuwa mdogo. Na mashine yenyewe ilikuwa ngeni. Hapakuwa na mwanamume ambaye angeweza kusema kwamba imenyang'anywa mkononi mwake. Katika Kiingereza cha siku zile neno moja lilitumika kwa mashine na kwa msichana aliyeipiga, na msikilizaji ilimbidi akisie ni kipi kilichotajwa.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba wanawake hawakurithi kazi ya karani wa kale ilivyokuwa. Kazi hiyo ilipasuliwa vipande viwili. Kipande cha kufikiri, kuamua na kupanda cheo kilibaki kwa wanaume; kipande cha kuandika, kunakili na kupanga kilipewa wanawake. Mpiga taipu aliweza kuwa hodari, akapiga maneno mengi zaidi kila dakika, akahamishwa kutoka chumba cha wengi hata chumba cha mkurugenzi. Lakini hakuwa mkurugenzi. Ngazi aliyopewa ilikatwa vipago vya juu. Tena ilikuwa ngazi ya muda. Katika utumishi wa serikali ya Uingereza mwanamke aliyeolewa alilazimika kuacha kazi. Kanuni hiyo haikufutwa ila mwaka 1946, na katika utumishi wa mambo ya nchi za nje iliendelea hata mwaka 1973. Nchini Ireland nako kanuni ya namna hiyo iliondolewa mwaka 1973. Basi kumbukumbu nyingi za wanawake wa ofisini huishia kwenye arusi. Siku ambayo jamaa walishangilia ndiyo siku ambayo meza ilikabidhiwa mtu mwingine.

Sasa tuwasikilize wenyewe. Wa kwanza ni Anna Snitkina wa Saint Petersburg, aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipopewa kazi ya kuandika imla ya Fyodor Dostoevsky mnamo Oktoba 1866. Alikuwa amejifunza hati mkato, elimu mpya katika Urusi ya siku zile. Mwandishi alikuwa hatarini. Alikuwa ametia sahihi mkataba mbaya na mchapishaji wake: kama asingalitoa riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba, mchapishaji angalipata haki ya kuchapa vitabu vyake kwa miaka tisa bila kumlipa. Mchana Dostoevsky alisema na Anna akaandika. Usiku, nyumbani kwake, Anna aligeuza alama zake kuwa maneno kamili. Kesho yake mwandishi akasahihisha. Katika siku 26 riwaya iitwayo Mcheza Kamari ilikwisha. Mchapishaji hakuonekana siku ya kuipokea, na kwa shauri la mwanasheria mswada ulikabidhiwa polisi ili ipatikane hati ya kuthibitisha tarehe.

Miezi michache baadaye, Februari 1867, wawili hao walioana, na wengi wapendao hadithi za mapenzi huishia hapo. Mwanahistoria asiishie hapo. Kumbukumbu za Anna, zilizochapwa mwaka 1925, miaka saba baada ya kufa kwake, zatuonyesha jinsi kitabu kilivyotengenezwa: kusitasita kwa msemaji, saa za kazi, hofu ya tarehe. Tena zatuonyesha mwanamke ambaye hakubaki kuwa mkono tu. Tangu mwaka 1873 Anna alikuwa akivichapisha mwenyewe vitabu vya mumewe, akihesabu karatasi, gharama na wanunuzi, na madeni ya nyumba yakalipwa. Mwaka 1867 aliweka pia shajara kwa hati mkato yake, ambayo alikuwa ameibadili kwa namna yake hata wengine wasiweze kuisoma kwa urahisi. Kwa hiyo tuna ushahidi wake wa aina mbili: ule wa siku zenyewe na ule wa uzeeni. Msomi aweza kuulinganisha, na katika kulinganisha ataona mahali ambapo mapenzi na miaka vimelainisha kilichokuwa kikali.

Wa pili ni Theodora Bosanquet, Mwingereza aliyesoma chuo kikuu. Mwaka 1907 alikwenda Rye, mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, kuwa mpiga taipu wa mtunzi Henry James. Alijifunza kupiga taipu kwa ajili ya kazi hiyo hasa, maana alizipenda riwaya za James kabla hajamwona. James alikuwa ameanza kutunga kwa imla miaka kumi nyuma, mkono ulipomwuma, na maneno hayakupitia hati mkato: yalitoka kinywani mwake yakaingia moja kwa moja katika mashine. Katika kijitabu alichokitoa mwaka 1924 Bosanquet alieleza kwamba mlio wa mashine ya Remington ulimsaidia mtunzi kuwaza. Ilipoharibika ikaletwa ya aina nyingine yenye mlio tofauti, alitaabika. Alieleza pia kwamba James mwenyewe alikiri kuwa maneno yalimtoka kwa wingi zaidi akisema kuliko akiandika kwa kalamu.

Hili si jambo dogo kwa mwanafunzi wa fasihi. Wahakiki wameandika mengi juu ya sentensi ndefu za uzeeni mwa Henry James, zenye kujizungusha kama njia ya mlimani. Mtu mmoja aliyekuwamo chumbani zilipozaliwa alikuwa mpiga taipu, na ushahidi wake waonyesha kwamba chombo na msikilizaji walikuwa na sehemu katika mtindo. James alipokuwa mahututi mwishoni mwa mwaka 1915, akili yake ikitangatanga, bado alitaka kutoa imla, na Bosanquet akaandika. James alikufa Februari 1916. Bosanquet baadaye alikuwa katibu mtendaji wa shirikisho la kimataifa la wanawake wa vyuo vikuu, kazi aliyoishika tangu 1920 hata 1935. Aliyedhaniwa kuwa mkono wa mwingine alikuwa na kichwa chake tangu mwanzo.

Wa tatu ni Elizabeth Layton, aliyeingia katika ofisi ya Winston Churchill mwaka 1941, wakati Uingereza ilipokuwa katika dhiki ya vita. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1958. Asimulia kwamba usiku wa kwanza alipiga mistari ikiwa imebanana, ilhali bwana alitaka iachane, akakaripiwa vikali. Kazi ilifanywa kwa mashine maalumu isiyo na mlio mkubwa, kwa maana Churchill hakuvumilia kelele alipokuwa akitafuta maneno. Imla ilitolewa kitandani, garini, melini, na usiku wa manane. Kitabu cha Layton kina mapenzi mengi kwa bwana wake, na msomaji yafaa alijue hilo. Lakini hata katika mapenzi hayo twaona jambo ambalo hotuba zenyewe hazitwambii. Usemi ule uliosifiwa kuwa kama umeme wa ghafula ulifanyiwa kazi neno kwa neno, ukanong'onwa, ukajaribiwa, ukafutwa, na wasichana waliosubiri vidole vikiwa juu ya mashine ndio waliousikia mara ya kwanza.

Katika vita hivyo hivyo palikuwa na wanawake wengine ambao kumbukumbu zao zilifungiwa kabisa. Huko Bletchley Park, mahali ambapo siri za maandishi ya adui zilifumbuliwa, kiasi cha robo tatu ya watumishi walikuwa wanawake: wapiga taipu, watunza kadi, waendesha mitambo, wafasiri. Waliapa kunyamaza, na wengi walinyamaza hata kwa waume zao na wazazi wao. Haikuwa ruhusa kuyasema waziwazi mpaka miaka ya 1970. Wako wazazi waliokufa wakiamini kwamba binti yao alikaa ofisini wakati wa vita bila kufanya lolote la maana. Hapa twaona gharama ya ule mzigo wa pili tuliousema, mzigo wa kunyamaza. Siri hulinda taifa. Lakini siri iliyodumu kupita haja yake humnyang'anya mtu maisha yake, na kuipa historia sura ya uongo.

Wa nne ni shahidi mgumu, nami nimemweka mwisho wa safu hii kwa makusudi. Traudl Junge, aliyezaliwa Munich mwaka 1920, aliajiriwa kuwa karani wa Adolf Hitler akiwa na umri wa miaka 22. Alikaa naye hata siku za mwisho, na mwishoni mwa Aprili 1945, katika handaki la Berlin, ndiye aliyepiga taipu wasia wake. Mwaka 1947 alianza kuandika aliyoyaona, lakini maandishi hayo yalichapwa mwaka 2002, mwaka ambao alikufa. Katika maandishi ya ujana bwana wake ni mtu mpole ofisini, mwenye adabu kwa makarani. Katika maneno aliyoyasema uzeeni mbele ya kamera ajihukumu. Alieleza kwamba alipita siku moja penye ukumbusho wa Sophie Scholl, msichana wa rika lake aliyeuawa mwaka 1943 kwa kuupinga utawala ule, mwaka uleule ambao yeye alikuwa mpya katika kazi yake. Hapo ndipo alipotambua kwamba ujana haukuwa udhuru, na kwamba kama angalitaka kujua angaliweza kujua.

Ushahidi huu wavunja faraja mbili kwa mpigo mmoja. Wavunja faraja ya mabwana, wanaosema kwamba mpiga taipu ni chombo tu, maana chombo hakijutii. Wavunja pia faraja yetu sisi tunaotaka kuwatetea wanawake wa ofisini kwa kuwaonyesha kuwa daima wameonewa na daima hawana lawama. Ukikubali kwamba mtu huyu alikuwa na akili, sikio na maoni, yakupasa ukubali pia kwamba alikuwa na dhamiri. Heshima na wajibu huja pamoja. Hatuwezi kumpa mtu moja tukamficha la pili.

Isidhaniwe kwamba ofisi ilikuwa na makarani wa watu mashuhuri tu. Hao wanne twawajua kwa sababu mabwana wao walijulikana, na huu ni upungufu wa ushahidi wetu ambao lazima tuutaje. Maelfu kwa maelfu walikaa safu kwa safu katika vyumba vya wapiga taipu, mbele yao msimamizi, masikioni mwao mvumo wa mashine nyingi, wakipiga barua za watu wasiowaona. Hawa aghalabu hawakuandika vitabu. Athari zao hutokea kwa bahati. Bette Nesmith Graham, karani wa benki moja ya Dallas katika miaka ya 1950, aliona kwamba mashine mpya za umeme zilifanya makosa yawe magumu kufutika. Akakumbuka kwamba mchoraji hafuti kosa, bali hulifunika kwa rangi. Akachanganya rangi nyeupe, akaitia katika chupa ndogo, akaja nayo kazini. Mwaka 1956 alianza kuiuza, na mwaka 1979 kampuni yake ilinunuliwa kwa dola milioni 47.5. Elimu iliyozaa mali hiyo ilikuwa elimu ya mezani pa mpiga taipu, elimu ambayo hakuna mkurugenzi aliyekuwa nayo. Na mwaka 1973 wanawake wa ofisi za Boston walianzisha chama chao, wakakiita 9to5 kwa saa za kazi zao, wakadai mshahara wa haki, nafasi ya kupanda vyeo, na kuheshimiwa. Kumbukumbu walizoelezana za kutumwa kahawa na kuitwa wasichana wakiwa na wajukuu ziligeuka kuwa hoja.

Tugeuke sasa upande wetu. Katika Tanganyika na Kenya za wakoloni karani alikuwa mwanamume, Mwafrika, Mhindi au Mgoa. Na mwandishi wa hati mkato wa wakubwa wa serikali aghalabu alikuwa mwanamke wa Kizungu. Mwanamke Mwafrika alikuja nyuma ya wote, maana milango ya shule ilimfungukia mwisho, na iliyofunguka ilimwongoza kwanza katika ualimu na uuguzi. Kwa hiyo maisha ya Lucy Lameck yana mafunzo makubwa. Alizaliwa wilaya ya Moshi mwaka 1934. Alijifunza uuguzi, akauacha, akajifunza kazi ya ofisi, na mwaka 1955 akaajiriwa na chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kuwa mpiga taipu na mwandishi wa hati mkato. Alijiunga na TANU, akaenda kusoma Oxford katika Ruskin College, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960, na baada ya uhuru akawa mwanamke wa kwanza wa Tanganyika kupewa unaibu wa waziri.

Wasifu wake husomwa kwa kuruka. Husemwa kwamba alikuwa karani, kisha siasa ikaanza, kama kwamba miaka ya taipu ilikuwa chumba cha kungojea tu. Nathubutu kudhani vingine. KNCU ilikuwa ofisi ya wakulima wa kahawa Waafrika wenye mali, mikutano na madai. Aliyeketi hapo na daftari la hati mkato aliona jinsi azimio linavyoandikwa, jinsi barua ya kukataa inavyojibiwa, na jinsi fedha za wengi zinavyohesabiwa. Hakuna chuo cha siasa katika mkoa ule kilichofundisha zaidi. Mapinduzi mengi ya karne iliyopita yameandikwa kama kazi ya ndimi. Yamkini yalikuwa kazi ya mafaili pia.

Baada ya uhuru mahitaji yaliongezeka ghafula. Wageni waliondoka, wizara ziliongezeka, na kila wizara ilihitaji watu wa kuandika. Chuo cha Uhazili cha Tabora kilitoa wahazili ambao wengi wao walikuwa wanawake, wakatawanyika katika ofisi za nchi nzima. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake. Wanaisimu wameandika juu ya agizo hilo kwa upande wa kamusi na sera. Lakini lugha ya ofisi haikukaa katika sera. Ilikaa katika barua, na barua ilikaa mikononi mwa mhazili. Hati mkato ya Pitman ilijengwa juu ya sauti za Kiingereza. Funguo za mashine zilipangwa kwa Kiingereza. Mfano wa barua nzuri ulikuwa wa Kiingereza. Maneno kama "yahusu barua yako", "nakala kwa", "kwa taarifa na utekelezaji" yalipata umbo lake la kudumu kwa kupigwa mara elfu. Ni nani aliyeamua mahali pa kutenga neno na mahali pa kuliunganisha, wakati bwana alisema tu na kamusi ilikuwa haipo mezani? Herufi ndogo chini ya barua zajua jibu.

Tunajua pia kwamba kiti cha pembeni hakikuwa daima cha watu wasio na neno. Joan Wicken, Mwingereza aliyekuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere tangu mwaka 1960 kwa miongo mingi, alishiriki katika kuandaa hotuba na maandishi yake ya Kiingereza, naye alikwepa kutajwa. Ikiwa mtu wa karibu namna hiyo aliweza kupita nusu kivulini, itakuwaje kwa mhazili wa mkuu wa wilaya, wa bandari, wa shirika la mkonge, wa gazeti?

Mbinu ya kuwapata ipo. Katika miaka ya 1980 Susan Geiger aliwaendea wanawake waliojenga TANU, akina Bibi Titi Mohamed na wenzake, akarekodi maisha yao, na mwaka 1997 akatoa kitabu kilichobadili jinsi wasomi wanavyoieleza harakati ya uhuru. Kabla ya hapo uzalendo ulidhaniwa kuwa elimu iliyoshuka kutoka kwa wanaume wachache waliosoma. Wanawake hao walionyesha kwamba walikuja nao wenyewe, kutoka katika ngoma, biashara na ujirani wao. Kazi kama hiyo yawangoja wanawake wa ofisini, na haitangoja milele. Binti aliyeingia kazini mwaka 1967 akiwa na miaka 20 amekwisha kupita miaka 75. Daftari lake la hati mkato lilitupwa siku barua ilipotiwa sahihi. Karatasi za kaboni zimeliwa na mchwa. Alichobaki nacho ni kichwa chake.

Basi mwanafunzi amwendee kwa adabu inayompasa mama au bibi, na amwulize mambo yanayoulizika. Alifundishwa na nani, kwa mashine gani, kwa lugha gani? Alipokea imla kwa neno au kwa maana, na makosa ya bwana aliyasahihisha kimya au kwa kusema? Mshahara wa kwanza ulifanya nini nyumbani, na nani alikasirika? Alipopata mimba au kuolewa, ofisi ilisema nini? Je, aliwahi kukataa kupiga barua? Na kama kuna lisilosemeka, aliache lisisemwe. Mwenye kuapa ana haki ya kuulinda ulimi wake, na jinsi anavyonyamaza yaweza kuandikwa pia. Kisha mwanafunzi apime alichoambiwa kama tulivyopima ushahidi wa Anna na wa Traudl: kwa kuulinganisha na faili, na kwa kuuliza miaka imeongeza nini na imepunguza nini. Kumbukumbu ya mhazili haina kinga dhidi ya upendeleo. Sahihi ya bwana mkubwa nayo haina, lakini hiyo tumeiamini miaka mingi bila kuihoji.

Leo mkubwa wa ofisi hujipigia barua mwenyewe kwa kompyuta, na herufi za pembezoni zimetoweka. Kiti kile karibu hakipo. Waliokikalia bado wapo, wengine wakiishi mtaa uleule na chuo chetu, wakiona vijana wakipita na vitabu vya historia kwapani. Kabla msomi hajafunga faili lake, na azinakili zile herufi mbili au tatu ndogo. Kisha atoke nje, akamtafute mwenye jina.